Nina miaka 16: je, ninaweza kumfadhili mtoto wa nchi ya mbali?

Swali: Shikamooni wakubwa. Kila mwezi hubakiwa na akiba kidogo kutokana na kibarua changu, nami ningependa kumfadhili mtoto anayeishi katika umaskini ng'ambo, lakini fomu inadai saini ya mtu mzima. Nifanyeje, na je, fedha humfikia mtoto mwenyewe?

Jibu la 1: Marahaba, mwanangu. Mwombe mzazi ajiandikishe kwa jina lake, nawe uchangie na kumwandikia mtoto barua. Kuhusu fedha, soma masharti kwa makini, kwani mashirika kama Plan International, lililoanzishwa mwaka 1937 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, huelekeza michango kwenye miradi ya jamii nzima badala ya kumkabidhi mtoto mmoja fedha mkononi.

Jibu la 2: Utafiti wa mchumi Bruce Wydick na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu mpango wa Compassion, shirika la kufadhili watoto, katika nchi sita, ulionyesha kwamba waliofadhiliwa waliwazidi wenzao wasiofadhiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja wa masomo. Hata hivyo, pima uwezo wako. Mimi nilianza nikiwa na umri wako, nikaacha baada ya miezi saba, na barua ya mwisho ya mtoto niliyemfadhili, yenye mchoro wa mbuzi wa kijani mwenye miguu mitano, ningali nayo (sikuijibu). Kama huna hakika ya kuendelea, changia mara moja tu.

Muulizaji: Ahsanteni. Nitazungumza na mama kwanza.

Jibu la 1: Vema. Katika barua usitaje anwani yako, wala usisimulie mali. Muulize mtoto habari za masomo na michezo.