Kiharusi: ile sindano ya vidoleni, tuiache au tuendelee nayo?

Wakuu, najua hapa nitapingwa.

Mwaka juzi mzee wetu alikuwa barazani anakunywa chai. Mara ikaanza kumchuruzika upande mmoja wa mdomo, kanzu ikalowa, kikombe kikamponyoka. Jirani akaja mbio na sindano ya kushonea, akamtoboa vidole vyote kumi "damu mbaya itoke". Mwingine akamtia mdomoni kidonge chake mwenyewe cha presha. Masaa manne tunasubiri afunguke. Leo mkono wa kulia haunyanyui hata kijiko.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unakula asilimia 20 hivi ya nishati yote, na akiba hauna. Mshipa ukiziba, seli zinaishiwa ATP, nishati inayosukuma sodiamu nje na kurudisha potasiamu ndani. Pampu zikisimama, maji yanaingia, seli zinavimba. Glutameti, kemikali ambayo seli za ubongo hupashania habari, inamwagika ovyo na kuifungulia kalisiamu milango ya seli za jirani, nayo ikizidi inaamsha vimeng'enya vinavyoitafuna seli kutoka ndani. Makadirio ya 2006: niuroni (seli za ubongo) milioni 1.9 zinakufa kila dakika. Pembeni ya zilizokufa zipo zilizozimia tu, zinazoishi kwa damu kidogo inayosukumwa na presha hiyo hiyo iliyopanda. Ukiishusha kiholela unazimalizia.

Sasa sindano ya kidole inaingilia wapi hapo?

— Mkuu, usimlaumu jirani. Huku kwetu hospitali ya wilaya haina CT, ile mashine ya kupiga picha ya ubongo. Dawa ya kuyeyusha donge la damu inatakiwa ndani ya saa nne na nusu, na mkoani ni safari ya saa sita kama barabara haijakatika. Haraka ya nini?

— Hoja nzito hiyo, siibezi. Lakini sukari ikishuka sana inaweza kuiga kiharusi, mdomo upande na mkono kulegea, na mtu akipewa glukosi mapema huweza kurudi palepale. Zahanati yenye kile kipimo kidogo cha sukari inataka tone moja tu. Kidole kutobolewa kwa ajili hiyo, mimi naafiki.

Bado swali la kumpa mgonjwa aspirini. Bila CT hujui mshipa umeziba au umepasuka, na ukiwa umepasuka unaongeza damu kumwagika. Mlio zahanati, mnaamuaje?