Kubana geji za streini: kidole gumba, uzito, springi au skrubu?

Mpima_Chuma: Wakuu, nabandika geji za streini (vipimo vyembamba vinavyoonyesha chuma kinavyovutika au kubanwa) kwenye boriti ya chuma. Baadhi kwa sianoakrileti (supagluu), baadhi kwa epoksi ya tanuri, ile gundi inayokaushwa kwa moto. Ninavyo vipande vizito vya madini ya risasi, vibanio vya springi na vya skrubu. Kipi kinabana vizuri zaidi?

fundi_geji: Anza na gundi, mkuu. Sianoakrileti haihitaji kibanio: kandamiza kwa kidole gumba dakika nzima bila kutikisika, subiri nyingine mbili hivi, kisha bandua tepu iliyoshikilia geji, taratibu ukiikunja ilalie mgongo wake. Ukiivuta wima unaweza kung'oa geji. Epoksi ya tanuri ndiyo yenye kazi. Zile nyepesi, za majimaji, hutaka presha ya kama kPa (kilopaskali) 300. Nyingi zinazokauka bila moto hutosheka na 100 au pungufu. Fuata maelekezo ya gundi yako. Kwa tanuri mimi ni springi tu.

Nuru_M: Mbona skrubu ina nguvu zaidi?

fundi_geji: Nguvu inayo, dada Nuru, ila haidumu. Gundi ikipata joto hulegea na kutambaa, tabaka linakuwa jembamba. Springi hulifuata likishuka. Skrubu inabaki pale pale, na presha imeshapotea. Ukiikaza kupita kiasi ili kufidia, unaikamua gundi yote itoke chini ya geji.

Mpima_Chuma: Sasa nitajuaje nimefika 300?

Baraka_maabara: Piga hesabu kwa eneo la pedi (kipande laini kinachowekwa juu ya geji), si la geji. Pedi ya sm 2 kwa 2.5 ni sm² 5, hivyo kPa 300 ni newtoni 150, yaani uzito wa kilo 15. Kwa kPa 100 ni kilo 5, hapo risasi inafaa, mradi boriti imelala. Springi ipime kwa mizani ya kuvuta, ikiwa imefunguka kiasi kile kile itakachofunguka kazini.

Mpangilio: geji, karatasi ya tefloni isigande, pedi ya silikoni, kisha bamba la chuma. Pedi usiiruke! Bamba tupu hubana kwenye vinundu tu, kwingine hewa inabaki.

Nuru_M: Na kwenye bomba?

Baraka_maabara: Bamba lichongwe lifuate mviringo wa bomba, vinginevyo kingo za geji hazibanwi.

fundi_geji: Ukishaunga nyaya, gusa geji kidogo kwa kifutio cha penseli huku ukitazama namba kwenye kifaa cha kusomea. Zikiruka na zisirudi zilipokuwa, kuna kiputo chini. Bandua, weka mpya.