Mashabiki wenye viti mwendo, wasioona na wenye ualbino uwanjani: tupange nini kabla ya msimu kuanza? (Kigoma)

Mshabiki_Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Tawi letu la mashabiki hapa Ujiji limekubaliana kwamba msimu ujao wanachama wetu wenye ulemavu waingie uwanjani kama wengine, wasibaki nyumbani na redio. Wapo sita. Watatu hawatembei: wawili wana viti mwendo vya kawaida, wa tatu ana ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Wawili hawaoni kabisa, na mmoja ana ualbino na uoni hafifu.

Uwanja ni wa halmashauri, nje ya mji. Msimamizi wake ameruhusu tufanye marekebisho kwa gharama zetu, sharti tusiguse zege la jukwaa. Nimepima leo. Geti la waenda kwa miguu, ukishatoa vile vizuizi vya mabomba, linabaki na upana wa sm 68. Kutoka getini hadi jukwaa kuu ni mita 40 za mchanga na changarawe. Kupanda jukwaani kuna ngazi 4, kila moja sm 15, halafu unakuta korido ya mita 2.4 mbele ya safu ya kwanza ya viti, chini ya paa. Ukingoni mwa korido kuna kizuizi cha bomba chenye kimo cha sm 110. Vyoo ni vya kuchuchumaa, mlango sm 65.

Naomba ushauri wa rampu, mahali pa kukaa (kuna wanaosema tuwaweke chini kabisa, kwenye njia ya kukimbilia karibu na benchi), choo, na namna wasioona watakavyoifuata mechi.

---

FundiZege_Tabora

Mwangaluka, ndugu wa Ujiji. Umefanya vizuri kuja na vipimo, wengi huja na picha tu.

Ngazi 4 za sm 15 ni kimo cha sm 60. Kanuni ya rampu ni 1 kwa 12: kila sm 1 ya kimo inadai sm 12 za urefu, kwa hiyo rampu yako ni mita 7.2. Utapata fundi wa kukwambia mita 3 zinatosha. Usimkubalie. Mita 3 kwa kimo hicho ni 1 kwa 5. Mwenye kiti mwendo hawezi kujisukuma mwenyewe hapo, na akijitahidi kiti kinapinduka kwa nyuma. Akishuka, breki za mkono hazimshiki.

Upana uwe mita 1.5. Mita 1.2 ingetosha kiti cha kawaida, ila ile baiskeli ya mikono ni pana zaidi na ndefu, na haiwezi kukata kona kwenye nafasi ya mita moja na nusu. Kwa sababu yake, rampu yako iwe mstari mmoja ulionyooka, isiwe na kona katikati. Chini weka sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5. Juu korido yenyewe inatosha kugeuzia kiti.

Rampu isimame peke yake pembeni ya ngazi, isifungwe kwa nondo kwenye jukwaa. Acha mwanya wa sm 1 kati ya zege jipya na la zamani, ujaze lami. Hapo sharti la msimamizi limetimia, na zege jipya likitulia halitavuta la zamani likapasuka.

Vifaa: jamvi (bamba la zege la juu ya rampu) la unene wa sm 10, pamoja na ile tambarare ya chini, ni kama mita za ujazo 1.3. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) andaa mifuko 9 ya saruji ya kilo 50. Hiyo ni ya jamvi tu. Kuta za tofali za pembeni zihesabie peke yake. Kifusi cha ndani ni mita za ujazo 2 na robo hivi, kishindiliwe tabaka kwa tabaka za sm 15. Hapa ndipo rampu nyingi zinapokufa. Kifusi kinamwagwa chote kwa mara moja, kinakanyagwa kwa miguu, mvua za Novemba zinaingia, kinatitia na jamvi linakatika katikati. Mwagilia zege siku 7 kabla ya kulipitisha kiti.

Usikubali kupigwa niru (ule uji wa saruji wa kulainishia) juu. Niru inang'aa, ikilowa inateleza kama sabuni. Zege likiwa bado bichi lipigwe ufagio mgumu kwa kukata njia, yaani kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Pande zote mbili inua kingo za sm 10 ili gurudumu lisichomoke, na vishikio vya bomba la inchi moja na nusu kwa kimo cha sm 90, vikizidi mwanzo na mwisho wa rampu kwa sm 30. Hivyo vishikio vitawafaa pia wenye magongo na wazee.

Zile mita 40 za mchanga ni tatizo kubwa kuliko ngazi, na watu hulisahau. Gurudumu dogo la mbele linazama na aliyekaa anarushwa mbele. Weka njia ya moramu ya upana wa mita 1.5 na unene wa sm 10 baada ya kushindiliwa. Hiyo ni mita za ujazo 6. Agiza 8 kwa sababu moramu ikishindiliwa inapungua. Upande mmoja uwe chini kwa sm 3 maji yatoke.

Geti la sm 68 halifai. Hata kiti kikipita, vidole vya anayezungusha gurudumu vinasagwa kwenye bomba. Unahitaji sm 90. Mwombe msimamizi bomba moja likatwe, liwekewe bawaba na kufuli, lifunguliwe siku ya mechi. Kama hataki, watu wako wapite geti la magari, na awepo mtu maalumu wa kulifungua.

---

Tiba_Kazi

Nazungumzia mahali pa kukaa, maana kuingia uwanjani na kuona mechi ni mambo mawili.

Kwanza, msiwaweke kwenye njia ya kukimbilia. Hawana paa. Wachezaji wa akiba wanapasha misuli mbele yao, mabango ya matangazo yanawaziba wasione mpira ukiwa chini, na shuti likitoka nje mtu wa kiti mwendo hana namna ya kulikwepa. Likitokea la kutokea, wao watakuwa upande wa uwanja na milango ipo nyuma ya umati.

Korido ya mita 2.4 ni mahali pazuri. Kila kiti mwendo kipewe sm 90 kwa 140, kikitazama uwanja, pua yake ukingoni. Nyuma inabaki mita 1 ya watu kupita, hivyo hakuna atakayekatiza mbele yao. Kila mmoja awe na msindikizaji pembeni yake, si nyuma: ongeza sm 50 kwa kila kiti cha msindikizaji. Kwa watu watatu mnahitaji mita 4.2 za ukingo, karibu na kichwa cha rampu.

Sasa kizuizi. Jicho la mtu aliyekaa kwenye kiti mwendo huwa kwenye kimo cha sm 110 hadi 125. Bomba lenu lina sm 110. Maana yake atatazama dakika 90 akiwa na bomba puani, akiinama na kuinuka. Kwenye zile mita 4.2 tu, bomba la juu lishushwe hadi sm 80, chini yake iwekwe wavu wa chuma na ukingo wa sm 10 wa kuzuia magurudumu. Kwa watu waliokaa, sm 80 ni kimo kinachokubalika kwenye viwanja vya Uingereza, na anguko lenu ni sm 60 tu. Pembeni, wanakopita waliosimama, acheni sm 110.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani uwanja ukiwa mtupu. Korido ina sm 60, jicho lipo kama sm 115 juu yake, jumla sm 175 kutoka usawa wa uwanja. Hicho ndicho kimo cha kichwa cha mwanaume aliyesimama chini. Wapiga picha wawili na askari mmoja wakisimama mbele ya kizuizi, mwenye kiti haoni chochote, na goli likiingia kila mtu anasogea hapohapo. Fungeni kamba mita 3 mbele ya sehemu hiyo na muizidishe mita 2 kila upande, kwa sababu mpira wa kona hutazamwa kwa mshazari. Mlinzi wa kamba ajue kazi yake ni hiyo tu.

Kama kuna aliyeumia uti wa mgongo, asihamishiwe kwenye kiti cha chuma kilichopigwa na jua. Ngozi isiyohisi inaungua bila mwenyewe kujua. Akae na mto wake, ajiinue kwa mikono au ainame mbele na pembeni kila baada ya dakika 20 au 30, kwa sababu mechi na foleni vikijumlishwa ni saa tatu au nne za kukaa. Walioumia uti wa mgongo kuanzia kifua cha juu hadi shingoni mara nyingi hawatoki jasho vizuri. Wawe na maji ya kunywa na kitambaa cha kulowesha shingo. Asiache kunywa maji kwa kuogopa choo.

Ndugu mwenye ualbino: kivuli cha paa tu hakitoshi, mwanga unarudi kutoka kwenye zege. Mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana pande zote, mafuta ya jua ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi yapakwe kabla ya kutoka na yarudiwe kila saa mbili. Akae karibu na mstari wa katikati, na darubini ndogo imsaidie. Mtaarifuni askari wa getini mapema, wasije kumnyang'anya. Jukwaa lenu lipo upande gani? La magharibi jua la saa kumi jioni linakuwa mgongoni. La mashariki linampiga machoni hadi mwisho.

---

Mshabiki_Ujiji

Asanteni sana, nimeandika yote. Jukwaa lipo magharibi, tumepona hapo. Bado choo na wasioona. Halafu yule wa baiskeli ya mikono, akifika juu si ataziba korido?

---

FundiZege_Tabora

Ataziba. Nilipanga rampu impitishe, ila korido ya juu haimtoshi. Baiskeli ibaki pale rampu inapoanzia, mahali penye mlinzi, na awe na kiti mwendo cha kawaida cha kuhamia. Azimeni kimoja.

Choo: mlango wa sm 65 upanuliwe uwe sm 90 na ufunguke kwa nje. Ukifungukia ndani, mtu akianguka nyuma yake hamwezi kumfikia. Chumba kiwe angalau mita 1.5 kwa 2.2. Kama chumba ni kidogo, vunjeni ukuta kati ya vyoo viwili mpate kimoja. Juu ya tundu mchomelewe fremu ya kiti ya pembe za chuma yenye kimo cha sm 46 hadi 48, miguu ipanuke kwa chini na iwe na mpira, na bomba la kushika ukutani kwenye kimo cha sm 70. Bomba la maji lifikike ukiwa umekaa. Kibao kiwekwe mlangoni, na ufunguo awe nao mtu aliye hapohapo. Choo kizuri kilichofungwa, huku mwenye ufunguo akitazama mechi jukwaa la pili, hakimsaidii mtu.

Kazi ya kuchomelea, ulizieni kama kuna kikundi cha mafundi wenye ulemavu. Kwenye mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, na kikundi cha namna hiyo kitajua kiti cha choo kinahitaji nini kuliko mimi.

---

Sauti_ya_Kigoma

Shikamooni wakubwa. Kwa wasioona, msiwape simu yenye matangazo ya mtandaoni. Yanachelewa, wakati mwingine zaidi ya nusu dakika, kwa hiyo uwanja unalipuka kwa goli halafu yeye anasikia kona inapigwa. Redio ya FM haichelewi hivyo, ila mtangazaji wa redio husema majina na kelele, hasemi mpira upo wapi. Na msijirushie mawimbi yenu ya FM bila leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania).

Kwa watu wawili, mpeni kila mmoja msimuliaji wake, au akae mmoja katikati yao. Chagueni kijana anayeujua mpira na anayeweza kusema mfululizo. Kila sentensi iwe na mahali, mchezaji na mwelekeo: "Kulia, mita 30 kutoka goli la kusini, beki namba 5, anarudisha nyuma." Waite magoli kwa kaskazini na kusini, si kwa majina ya timu, kwa sababu kipindi cha pili timu zinabadilishana. Mpira ukisimama ndipo aeleze jezi, kadi, nani anapasha, mwamuzi anaonyesha nini. Msimuliaji anachoka, wabadilishane mapumzikoni. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar 2022 usimulizi wa namna hii ulitolewa kwa Kiarabu na Kiingereza. Sisi hapa tuna lugha na vijana wa kutosha.

Wakae mbali na ngoma na spika. Njiani asiyeona ndiye amshike msindikizaji juu ya kiwiko, msindikizaji atangulie nusu hatua na aseme "ngazi ya kupanda" kabla ya kufika. Kumvuta mkono au kumsukuma mgongoni ndiko kunakomwangusha.

Na ikitokea mkapata mwanachama kiziwi: tangazo la spika hatalisikia. Msimamizi wa jukwaa ajue amekaa wapi.

---

Tiba_Kazi

Nimalizie na kuondoka. Ombeni geti lifunguliwe kwa kundi lenu saa moja kabla ya wengine. Mwishoni wabaki mpaka rampu iwe tupu, dakika 20 hivi. Kwenye mechi kubwa, mfano wa ile fainali ya Simba na Yanga ya Julai 25, 2021 uwanja wa Lake Tanganyika, umati hutoka kama mto, na kiti mwendo kipo chini ya usawa wa macho ya wanaosukumana, hawakioni. Bajaji iingie ndani ya uzio, isisubiri barabarani.

Rampu ikizibwa na ikalazimu kushusha kiti kwenye ngazi: mwenye kiti atazame mbele, kiti kiinamishwe nyuma, mwenye nguvu zaidi ashike mipini ya nyuma, wa pili ashike fremu kwa mbele. Wasishike sehemu za kuwekea miguu wala mikono, nyingi zinachomoka. Kupanda ni kinyume: mgongo unatangulia. Aliyekaa ndiye atoe amri ya kuanza. Fanyeni zoezi hilo siku isiyo na mechi, kwanza kiti kikiwa kitupu, halafu na mfuko wa saruji juu yake.

Mkienda kwa halmashauri, barua yenu itaje Sheria ya Watu wenye Ulemavu namba 9 ya mwaka 2010, na kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia 2009. Kinataja wazi kufika kwenye maeneo ya michezo. Ombeni pia tiketi ya msindikizaji iwe bure, kama ilivyo kwa klabu nyingi za Uingereza. Ambatanisheni vile vipimo ulivyoandika hapo juu, pamoja na mchoro wa rampu.