Stelingi ya lori inadunda, fundi asema nibadilishe boksi

DerevaGongoni: Salaam wakuu. Nabeba chumvi Gongoni kupeleka Mombasa. Sasa stelingi inanipiga mkononi, si kutetemeka, ni dundo moja linarudirudi, nikienda pole laja pole nikiongeza spidi nalo laongeza, breki haibadilishi kitu. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) na balansi (kusawazisha uzito wa tairi) nishafanya. Fundi wa hapa Malindi ataka nibadilishe stelingi boksi nzima, ile inayopeleka mzunguko wa stelingi kwa magurudumu, na hizo pesa si kidogo jamani.

FundiWaMambrui: Shekhe usinunue boksi bado! Boksi ikichoka stelingi inalegea, wazungusha na gari haigeuki. Dundo linalofuata mzunguko wa gurudumu, anza na tairi za mbele. Waya za ndani zikiachana na mpira tairi inafura mahali pamoja na hata ukifanya balansi dundo litabaki. Piga jeki, weka vizuizi, simamisha ubao karibu na tairi halafu zungusha polepole utazame ile nafasi kati ya ubao na tairi kama yapungua mahali.

Mswahili254: Na ukiwa hapo hapo kwa jeki tikisa tairi juu na chini, ikicheza shuku beringi ama kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele lageukia), kushoto kulia angalia tairodi (fimbo inayosukuma magurudumu yageuke). Chumvi yala chuma sana, usipite hivi hivi.

DerevaGongoni: Wallahi ya kushoto imefura upande wa ndani, ubao umegusa. Naweza kumaliza safari ya kesho nayo?

FundiWaMambrui: La, usithubutu. Tairi ya mbele ikipasuka na mzigo gari lakuvuta upande, na barabara ile ina watu na bodaboda. Vua leo.