Siku moja ya kutembea shamba nchini Ireland, kikundi cha watu kumi na wawili: tuende wapi?

Bint Konde

Assalamu alaykum. Mwishoni mwa Juni kikundi chetu cha walimu wa skuli kutoka Pemba, watu kumi na wawili kwa jumla, kitakuwa Dublin kwa mafunzo, na tumeachiwa Jumamosi moja iwe yetu. Wengi wetu hatuna hamu ya maduka. Tunataka kutoka mjini tukaone shamba la huko, yaani milima, maziwa, malisho ya kondoo na majengo ya kale. Wakala mmoja ametuletea ratiba ya vituo vitano kwa siku hiyo hiyo moja, kikiwemo kituo cha magenge ya Moher upande wa magharibi, na mwengine anatushauri twende kaskazini kwenye Giant's Causeway, ile pwani ya nguzo za mawe. Ninaomba ushauri wa anayezijua njia hizo: ni mahali gani panapofaa, sala tutazipanga vipi, na chakula tutakipata wapi? Mmoja wa wazee wetu anasumbuliwa na magoti, na sitaki ashinde ndani ya basi akitazama dirishani wakati wenzake wameshuka.

Abu Nassor

Waalaykumu ssalamu, Bi Konde. Nilisoma Dublin na njia hizo nimezipita mara nyingi. Ratiba ya vituo vitano ikataeni mapema, kabla hamjalipa chochote. Kutoka Dublin hadi Moher ni kiasi cha kilomita 270, na kwa basi ni saa tatu na nusu kwenda tu. Tena dereva wa basi la watu wengi amefungwa na sheria ya Umoja wa Ulaya: akishaendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa kawaida haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa tisa kwa siku. Kwenda na kurudi Moher kunakula saa saba kati ya hizo, kwa hiyo vituo vingine vyote vinageuka kuwa vya kushuka, kupiga picha na kukimbilia basi.

Magenge yenyewe ni ya ajabu, sikatai. Yanasimama wima juu ya bahari ya Atlantiki, na pale yalipo juu kabisa yanafikia mita 214. Lakini ukungu ukishuka, na hushuka hata mwezi wa Juni, mtakuwa mmesafiri nusu siku kwenda kutazama weupe mtupu.

Nendeni Glendalough, katika milima ya Wicklow, kusini mwa Dublin. Ni kiasi cha kilomita 50, mwendo wa saa moja na kitu, na hapo mtapata karibu kila mlichokitaja kwa kutumia miguu yenu. Ni bonde lenye maziwa mawili, na kabla ya kuyafikia maziwa mnaingia katika magofu ya makaazi ya watawa yaliyoanzishwa na Mtakatifu Kevin katika karne ya sita. Mnara wake wa duara una urefu wa kiasi cha mita 30, na mlango wake hauko chini bali mita tatu na nusu hivi juu ya ardhi, hata aliyetaka kuingia alihitaji ngazi. Minara ya namna hiyo ilikuwa ya kengele, na inaelezwa pia kuwa ilitumika kuhifadhia vitu vya thamani. Msiishie kuutazama kwa mbali, usogeleeni. Utaona jinsi mawe ya ukubwa tofauti yalivyopangwa yakakaa, na kuzunguka mnara ni makaburi ya zama mbalimbali, mengine mawe yake yameinama, yameota kuvu ya kijivu na ya manjano, na mvua imeyafuta maandishi hata ukipitisha kidole ndiyo unahisi alama zilizobaki.

Kuhusu mzee wenu, njia ya kutoka kwenye magofu kwenda ziwa la juu ni ya tambarare na ni pana. Akitembea pole pole atafika, naye akifika ziwani atakuwa ameona lililo zuri kuliko yote. Wenye nguvu wapande kwenye maporomoko ya Poulanass, ambayo hayako mbali. Njia ya juu ya ukingo inayoitwa Spinc iacheni, kwa sababu ina ngazi za mbao zaidi ya 600 na itakigawa kikundi. Jambo jengine: siku isiyo na upepo kuna usubi kando ya maji, na unauma kweli. Vaeni mikono mirefu.

Mtembezaji wa Shangani

Mimi Ireland sijafika, lakini kutembeza wageni Unguja ndiyo kazi yangu, na anayosema Abu Nassor ninayashuhudia kila msimu. Wapo wageni wanaotaka Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, msitu wa Jozani na Nungwi kabla ya magharibi, na jioni hawawezi kukueleza walichokiona. Kikundi cha watu kumi na wawili kinakwenda kwa mwendo wa mtu wake wa pole kabisa, na hilo lipangieni tangu mwanzo ili mzee asijione kuwa ndiye anayewachelewesha watu. Mkishafika, tajeni mahali pamoja pa kukutania na saa yake, kisha waacheni watu watawanyike wawili wawili. Mtu mmoja akae na mzee kwa kupenda kwake, asichaguliwe kwa nguvu. Hesabuni watu kabla basi halijaondoka, hata kama mnajuana nyote.

Ukhti Mtoni

Ninaishi Dublin, nami nitajibu la sala, chakula na kaskazini.

La kaskazini kwanza, kwani ndilo linaloweza kuwaharibia safari. Giant's Causeway iko Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Mpakani hamtaona kizuizi na basi litapita moja kwa moja, lakini viza ya Ireland mliyonayo haikuruhusuni kuingia huko. Mtanzania anahitaji viza ya Uingereza. Wakala aliyekushaurini bila ya kukuulizeni viza hakukutendeeni haki.

Sala katika msimu huo ni nyepesi. Mwishoni mwa Juni adhuhuri inaingia kiasi cha saa saba na nusu mchana, alasiri karibu na saa kumi na mbili jioni, na jua linatua karibu na saa nne usiku. Mkitoka saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, ni adhuhuri peke yake itakayokukuteni njiani, na kando ya ziwa pana majani ya kutosha kutandika misala. Masuala ya kupunguza na kuchanganya muulizeni sheikh wenu kabla ya safari.

Chakula chukueni kutoka mjini. Karibu na msikiti wa South Circular Road, uliokuwa kanisa kabla ya kufanywa msikiti mwaka 1983, kuna maduka ya nyama halali. Huko shamba mtapata mkate wa magadi, unaokandwa kwa maziwa ya mtindi bila ya hamira, na supu za mboga. Samaki na chipsi msivichukulie kuwa ni salama kila mahali, kwani baadhi ya maduka hukaangia mafuta ya ng'ombe, ulizeni.

Bint Konde

Mwenyezi Mungu akulipeni kheri nyote. Kaskazini tumekwisha kupafuta. Je, kuna haja ya kuunganisha Newgrange siku hiyo hiyo? Walimu wa historia wananisukuma.

Abu Nassor

Msiunganishe. Newgrange iko kaskazini ya Dublin na Glendalough iko kusini. Ni kaburi la kiasi cha mwaka 3200 kabla ya Kristo, la zamani kuliko mapiramidi ya Giza, na kuingia ndani ni kwa saa mliyopangiwa, kupitia kituo cha wageni na basi lao. Ujia wake wa mita 19 ni mwembamba, tena kuna pahala pa kuinama, na hapo mzee wenu atabaki nje. Walimu wa historia wakipata nafasi siku nyengine, wakate tiketi mapema na waende wao.

Ukhti Mtoni

Nyongeza moja: acheni miavuli, upepo wa milimani unaipindua. Koti la mvua lenye kofia kwa kila mtu, na viatu vya kufunga, khasa kwa sisi wenye mabuibui marefu.