Riwaya ya kwanza: nichapishe mwenyewe, nipeleke kwa mchapishaji Dar, au niuze kwenye simu?

Mama_Kibirizi (Jumatatu, saa 2 usiku)
Habari za jioni wakuu. Nimemaliza kuandika riwaya, ni ya kwanza. Nina njia tatu na nashindwa kuchagua. Kijana wa steshenari hapa Mwanga, Kigoma, ana jamaa yake mwenye mitambo ya uchapaji Dar. Ananiambia nakala 500 kwa milioni 3 na nusu, nitangulize nusu kabla ya Ijumaa. Njia ya pili ni kutuma mswada kwa wachapishaji wanaojulikana, nisubiri. Ya tatu ni ya mdogo wangu, anasema niachane na karatasi, niuze sehemu kwa sehemu kwenye kundi la WhatsApp, mtu analipa kwa simu ndipo anatumiwa. Ipi inafaa? Ijumaa haiko mbali.

Gungu_Mjini
Hongera sana dada! Chapisha. Kitabu ukikishika mkononi hakuna wa kukunyang'anya. Hao wa Dar utawasubiri mpaka mwanao aoe.

Mwl_Tabora
Hongera, kumaliza tu ni kazi kubwa. Ila hujatuambia kitu. Ina maneno mangapi? Ya watoto au ya watu wazima? Nani kaihariri? Hiyo milioni 3 na nusu ina jalada ndani yake, ina ISBN (ile namba ya kutambulisha kitabu), ina usafiri hadi Kigoma? Na hela ni yako au ya kukopa? Bila hayo kila mtu hapa atakushauri kitabu chake mwenyewe, siyo chako.

Hamisi_Reli
Na inahusu nini? Hilo la kwanza kabisa.

Mama_Kibirizi
Samahani wakuu. Mimi nauza dagaa, nanunua mwaloni Kibirizi, naanika, nasafirisha. Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nilikaa nyumbani miezi mitatu bila kazi. Nilikuwa nimemnunulia mwanangu kaunta buku za shule, nikachukua moja nikaanza kuandika juu ya mwanamke anayesubiri mtumbwi ambao haukurudi. Sikujua kama naandika riwaya. Ziwa likafunguliwa nimejaza mbili. Mbili nyingine nimeziandika siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa na wavuvi hawatoki. Kwa hiyo kila mwezi nilikuwa na wiki moja hivi ya kuandika. Kijana wa steshenari amechapa yote kwenye kompyuta, imetoka kurasa 168. Maneno sijui. Ya watu wazima. Wifi yangu aliyemaliza kidato cha sita ameisoma na kusahihisha. Hela ni ya mtaji wa dagaa.

Mwl_Tabora
Ya mtaji? Dada, simama kwanza.

Kurasa 168 za karatasi kubwa, A4? Karatasi ya kitabu cha riwaya ni nusu ya hiyo, kwa hiyo kurasa zitaongezeka, zitafika 220 hivi. Muulize huyo kijana bei imepigwa kwa 168 au kwa 220, maana karatasi ndiyo gharama. Na amwambie jamaa yake akuandikie, siyo maneno ya simu. Hesabu ya maneno iko kwenye programu aliyochapia, akifungua faili ataiona hapo hapo.

Sasa twende kwenye hela. Milioni 3 na nusu kwa 500 ni shilingi 7,000 kila nakala kabla hakijatoka Dar. Ukiuza 12,000 na duka likakata asilimia 40, unabaki na 7,200. Shilingi 200 hiyo, na bado hujalipa gari wala mzigo. Ukiuza mkononi mwenyewe unapata 5,000, lakini ni watu wangapi Kigoma utawafikia kwa mkono?

Gungu_Mjini
Mwalimu usimvunje moyo. Asilimia 40 nani kakwambia? Na mchapishaji atampa nini? Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10. Kitabu cha 12,000 anapata 1,200. Wao wanakula 10,800.

Mwl_Tabora
Hawali 10,800. Wanalipa mhariri, msanifu wa jalada, karatasi, ghala na duka. Na yeye hatoi mtaji wa dagaa. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema.

Mstaafu_Ujiji
Nimesoma kimya tangu jana. Nieleze yaliyonikuta, kila mtu apime.

Mwaka 2011 nilichapisha riwaya yangu kwa kiinua mgongo. Nakala 1,000. Mchapaji simtaji. Niliambiwa, mzee usijali, sisi tunachapa hata vitabu vya shule. Nikaomba nakala ya kusahihisha kabla mtambo haujawashwa, nikaambiwa itachelewesha foleni. Nikakubali. Hapo ndipo nilipopotea, kwenye kukubali.

Mzigo ulikuja kwa treni, maboksi 25. Nilikodi mkokoteni kutoka stesheni, nikafungua boksi la kwanza sebuleni, mke wangu amekaa pembeni. Tulisoma kwa zamu kwa sauti. Tulipofika ukurasa wa 112, uliofuata ulikuwa wa 97. Vitabu vinafungwa kwa mafungu ya kurasa 16, na fungu moja waliliweka mara mbili, la baada yake hawakuliweka kabisa. Kurasa 113 hadi 128 hazikuwemo. Humo ndimo kaka wa mhusika mkuu anapofariki. Msomaji anaona msiba umeshapita na hajui kafa nani.

Niliwapigia. Wakasema kasoro ni ya faili langu. Faili nilikuwa nalo, lilikuwa zima. Nikasafiri hadi Dar, siku mbili njiani, nikakaa kwa shemeji wiki nzima nikienda pale kila asubuhi. Mkataba nilikuwa sina, nina risiti tu imeandikwa "uchapaji". Nikarudi.

Tulitoa kopi zile kurasa 16 na tukawa tunazibandika usiku kwa gundi, mimi na marehemu mke wangu. Tulifika kitabu cha 300. Maduka yalichukua kwa mali kauli, wakauza kidogo, wengine hawakunilipa hadi leo. Vilivyobaki vililiwa na mchwa.

Sisemi usichape. Nasema usitoe hata shilingi kabla hujashika nakala moja iliyofungwa, ukaisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho, ukaisaini, na mkataba unaosema kasoro ikitoka mtamboni ni ya nani.

Mama_Kibirizi
Shikamoo mzee. Nimesoma nikaacha, nikasoma tena. Pole kwa mama. Hizo 300 mlizobandika zilifika wapi?

Mstaafu_Ujiji
Marahaba mwanangu. Nyingi niligawa. Juzi nilikuta moja Mwandiga kwa fundi cherehani, imechakaa, gundi bado imeshika.

Binti_Kasulu
Mzee pole sana, umenitoa machozi.

Dada, mbona hakuna aliyetaja tuzo? Wewe una mswada ambao haujachapishwa, na huo ndio unaotakiwa. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa 2023. Mshindi wa kwanza anapata milioni 10, na serikali ndiyo inayobeba kazi ya kuchapisha na kusambaza. Ipo pia ya Safal-Cornell kwa Kiswahili, zamani ikiitwa Mabati-Cornell, imekuwepo tangu 2014, na baadhi ya miswada iliyoshinda imechapishwa na Mkuki na Nyota, wachapishaji wa Dar. Unatuma, unaendelea na dagaa zako. Mtaji haujaguswa.

Na msiseme mtu wa Kigoma hawezi. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya, alizaliwa huku kwetu Kasulu mwaka 1958, akasomwa nchi nzima, mpaka akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko.

Gungu_Mjini
Umeona sasa! Mtobwa mwenyewe aliamua kujichapishia.

Binti_Kasulu
Alikuwa mwandishi wa habari, anaishi Dar, ana majina ya watu wa magazeti na maduka. Hakuanzia kwa kijana wa steshenari mwenye jamaa yake.

Dogo_wa_Katubuka
Nyote mnaongelea karatasi. Mimi kila usiku nasoma hadithi kwenye simu, na wenzangu wote hivyo hivyo. Mwandishi anatupa sehemu tano bure, ya sita tunalipa 1,000. Watu 200 wakilipa ni laki mbili kwa sehemu moja, hakuna mkokoteni wala mchwa. Dada anza Ijumaa hiyo hiyo.

Hamisi_Reli
Na siku ya pili mmoja wa hao 200 anaikopi yote anaitupa kundi lingine bure. Nimeshaona hadithi imetolewa jina la mwandishi, ikawekwa la mtu mwingine.

Dogo_wa_Katubuka
Kwani kitabu hakitolewi kopi? Nenda steshenari yoyote uone.

Mwl_Tabora
Hakimiliki anayo tangu alipoandika kwenye kaunta buku, sheria ya 1999 inamlinda hivyo bila kulipia popote. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunampa ushahidi siku akigombana na mtu. Kwa hiyo dada, hizo kaunta buku nne usimpe mwanao afanyie hesabu. Zifunge uziweke.

Ila kwa Dogo nina neno. Ukishaitoa yote kwenye simu, huo siyo tena mswada ambao haujatoka. Wapo wachapishaji watakaosita, na tuzo ina masharti yake. Sehemu mbili tatu za kuonja sawa. Yote, hapana.

Dogo_wa_Katubuka
Haya, lakini mimi ndiye msomaji. Duka la vitabu sijaingia tangu shule. Mtanipata wapi?

Mama_Kibirizi
Swali la Dogo limeniumiza kidogo. Wanawake ninaoanika nao dagaa ndio niliowaandikia. Wengi hawatanunua kitabu cha 12,000, lakini nikiwasomea pale mwaloni wananiambia endelea. Wawili watatu wana simu kubwa.

Jingine: wahusika wangu wanasalimiana kwa Kiha. Wifi ameweka mstari chini ya kila "mwidiwe", anasema nibadilishe iwe "habari za jioni", la sivyo watu wa Dar hawataelewa. Nyie mnasemaje?

Binti_Kasulu
Usibadilishe hata moja! Bibi wa Kibirizi aseme "habari za jioni" kama mtangazaji?

Hamisi_Reli
Mimi ni Mnyamwezi na nimeielewa hapo hapo. Mtu akisalimiwa na mwingine akaitikia, unajua ni salamu.

Gungu_Mjini
Mimi nasema aweke Kiswahili sanifu. Kitabu kikitakiwa shuleni kitapelekwa BAKITA, Baraza la Kiswahili, huko wanaangalia lugha.

Binti_Kasulu
Lugha ya msimulizi iwe sanifu, sikatai. Midomo ya watu waachie yao. Au aongeze ukurasa wa msamiati mwishoni.

Hamisi_Reli
Huo ukurasa wa msamiati mimi huwa nausoma kwanza. Kisha dada, nje ya mada, dagaa kilo ngapi unaweza kunitumia Tabora? Za hapa zimechanganywa mchanga.

Gungu_Mjini
Za mchanga ni zile zinazoanikwa chini. Uliza za kichanja.

Mama_Kibirizi
Za kwangu ni za kichanja, kaka Hamisi. Njoo tuongee pembeni, natuma kwa treni au basi. Mwezi umeanza kupungua, tangu jana mitumbwi inatoka.

Kijana wa steshenari amenipigia mara mbili leo. Nimemuuliza la kurasa 168 na 220, akakaa kimya, akasema atamuuliza jamaa yake. Nakala ya kusahihisha anasema inawezekana ila nusu ya hela itangulie. Maneno ni 61,480. Mwalimu, nimekutumia faili ulisome.

Mstaafu_Ujiji
Nusu itangulie. Ndivyo nilivyoambiwa.

Gungu_Mjini
Mzee, si wote wezi. Mtambo hauwashwi bila hela, karatasi inanunuliwa.

Mstaafu_Ujiji
Sikusema mwizi. Nakala moja haihitaji milioni na laki saba na nusu. Amlipe ya hiyo nakala moja.

Mwl_Tabora (Alhamisi, saa 4 usiku)
Nimesoma kurasa 60. Dada, nakuambia kama ninavyowaambia wanafunzi wangu, na nakuambia kwa heshima. Una jicho. Pale wanawake wanapohesabu taa ziwani usiku, moja haipo, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema, nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Lakini hapo ni ukurasa wa 31. Kurasa 30 za mwanzo unatusimulia ukoo, shule aliyosoma, harusi, nani alimkosea nani. Mchapishaji anayepokea miswada lukuki hatafika 31. Wifi yako amesahihisha herufi, na amefanya vizuri, ila hakukuambia hilo. Kuhariri kwenyewe ndiko huko. Ukichapa nakala 500 kesho, unachapa na hizo 30.

Mama_Kibirizi
Mwalimu, ukurasa wa 31 ndio nilioandika wa kwanza kabisa, Mei ile ziwa limefungwa. Hizo 30 za mwanzo niliziongeza mwaka jana, baada ya kuambiwa kitabu ni kifupi, hakitaonekana kitabu.

Binti_Kasulu
Jamani.

Gungu_Mjini
Kwa hiyo kesho unalipa au hulipi?

Hamisi_Reli
Dada na mimi nitumie hilo faili. Na zile dagaa fanya kilo tano.