Mrejesho: Yule fundi wa Kizota aliyeuliza kuhusu VETA

Wakuu, salaam. Niliuliza kama fundi seremala wa mtaani aliyeshika randa miaka sita anapaswa kwenda VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi, kuanza upya. Mlionielekeza kwenye urasimishaji ujuzi, asanteni mno: unapimwa unachokijua, unaongezewa palipopungua, ukifaulu unapata cheti. Mimi palipopungua ni kusoma mchoro na, kubwa zaidi, kukausha mbao. Jua la Dodoma halina huruma. Mlango niliomtengenezea mama mmoja kwa mbao mbichi ulipinda, ukapasuka katikati, nikawa nakwepa kupita kwake. Sasa napanga mbao kwa vijiti katikati, kivulini, hewa ipite, nasubiri. Juzi nimempelekea mlango mpya wa mninga, bila kumdai shilingi. Unafunga taratibu, haugusi fremu.